Sleti Isiyofutwa kwa Kiganja

Wazee wetu waliosoma zamani wanalijua neno sleti. Kilikuwa kibao cheusi chenye fremu ya mbao. Mtoto anaandika hesabu zake, mwalimu anapita na kuweka vema, kisha mtoto anatema mate kidogo, anapitisha kiganja, na habari imekwisha. Kesho yake hakuna ajuaye kama alipata au alikosa. Neno hilo ndilo lililonijia nilipochuchumaa mbele ya kaburi katika kijiji cha Hickling, kaunti ya Nottinghamshire, katikati ya Uingereza, nikapitisha kiganja juu ya jiwe la sleti, mwamba wa aina ileile ya vibao vile, lililochongwa mwanzoni mwa karne ya 18. Hakuna kilichofutika. Kingo za herufi bado zina makali ya kukwaruza ngozi, na jina la marehemu lilisomeka hadi nukta ya mwisho.

Katika makaburi ya makanisa ya vijiji vile utakuta pia mawe ya jana na juzi, ya karne ya 19, yaliyochongwa kwa jiwe la mchanga. Hayo yamebabuka. Uso wa jiwe umebanduka vipande kama rangi ya ukuta wenye unyevu, ukaondoka na jina, na tarehe, na yule mke mpendwa wa nani sijui. Jiwe changa limenyamaza, jiwe kongwe linasema. Nataka kueleza kwa nini iko hivyo, na kwa nini naamini mawe haya ya sleti yaachwe pale pale yalipo, juu ya watu wake, hata pale ambapo kuyahamisha kungempunguzia kila mtu kazi.

Tuanze na mwamba wenyewe. Kaskazini-magharibi mwa jiji la Leicester kuna vilima vya Charnwood, na pembeni yake kijiji kinaitwa Swithland. Sleti ya hapo ilianza kama tope la chini ya bahari zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Tope likagandamizwa na kupata joto hadi chembe zake zikajipanga upande mmoja, na ndiyo sababu jiwe linakubali kupasuliwa kwa mapana. Warumi walipotawala kisiwa kile walilitumia kuezekea nyumba. Ila sleti ya Swithland ni kaidi. Ile ya Wales hupasuka nyembamba na laini kama kurasa za kitabu, hii ya Swithland hupasuka nene, kwa mabonde na vichuguu. Fundi alisawazisha upande mmoja tu, kwa kuusugua kwa jiwe la mchanga na maji mpaka ukang'aa, na mgongo akauacha ulivyo. Ndiyo njia rahisi ya kulitambua jiwe la Swithland: zunguka nyuma yake, uone mgongo uliojaa makovu kama gome la mti, kisha rudi mbele ukute uso laini kama kioo.

Jiwe la chokaa lina udhaifu wake wa asili, maana tindikali humumunyua chokaa, na mvua ya Uingereza kwa miaka zaidi ya 150 ilishuka ikiwa imebeba moshi wa makaa ya mawe. Jiwe la mchanga hunywa maji, maji yakaganda wakati wa baridi, yakatanuka, yakalipasua kwa ndani. Sleti haina chokaa ya kumumunyuliwa wala vinyweleo vya kunywa maji. Ikisimama wima, mvua hutiririka na kwenda zake. Msisitizo uwe kwenye neno wima, kwa sababu nitalirudia.

Wapo watakaosema jiwe la kaburi ni jambo la familia na kanisa, sayansi haihusiki. Basi waulizwe wanajiolojia waliofika kwenye makaburi ya kanisa la Ratby, kijiji kingine cha Leicestershire. Kwa miaka mingi sleti ya Swithland ilihesabiwa kuwa ya enzi kabla ya Kambri, yaani kabla wanyama hawajaanza kuchimba vishimo tata kwenye tope la bahari. Katika miaka ya 1990 watafiti wakatambua kwenye mawe ya makaburi ya Ratby alama za mnyama aliyekuwa akijichimbia njia kwenye tope, alama ziitwazo Teichichnus, na umri wa mwamba mzima ikabidi ufikiriwe upya na kuingizwa katika enzi ya Kambri. Machimbo yenyewe yalikuwa yameshafungwa kitambo. Ushahidi ulikuwa umesimama nje ya kanisa, umelindwa na huzuni ya familia zilizotaka jiwe zuri kwa ajili ya wapendwa wao.

Sasa nije kwenye jambo linalonigusa zaidi. Tumezoea kudhani kwamba anayekumbukwa ni mwenye cheo, mali au wema. Makaburi ya vijiji vya Uingereza yananiambia kitu kingine: kwa watu wa kawaida, aliyekumbukwa ni yule aliyeishi mahali ambapo mkokoteni wa farasi ungeweza kufika kutoka kwenye mwamba mzuri. Kutoka Swithland hadi Hickling ni kilomita 20 na kidogo. Hapo mkulima wa mwaka 1720 anasomeka. Nenda mbali zaidi mashariki, kwenye nchi ya mawe ya chokaa ya Rutland na Lincolnshire, mawe yanayosifika kwa ujenzi na yanayochongeka kwa urahisi, na mkulima mwenzake wa mwaka uleule, mwenye shamba la ukubwa uleule, aliyeliliwa vilevile, mara nyingi hana tena jina. Tofauti yao ni tope la bahari lililoganda kabla dunia haijawa na hata jani moja juu ya nchi kavu.

Jiwe lilisafiri mbali pale tu mtu alipogharamia. Daniel Lambert, aliyekuwa mkuu wa gereza la Leicester na aliyejulikana nchi nzima kwa unene wake, alifia Stamford mwaka 1809 akiwa na miaka 39. Stamford ni mji wa chokaa mtupu. Lakini jiwe lake ni sleti, na limeandikwa kwamba limesimamishwa na marafiki zake wa Leicester. Linataja uzito wake, sawa na kilo 335, na hata vipimo vya mguu wake, na yote yanasomeka. Marafiki wale walijua wanachofanya. Usafiri wa maji nao ulikuwa umesaidia: mto Soar ulifunguliwa kwa mashua hadi Loughborough mwaka 1778 na hadi Leicester mwaka 1794. Reli ilipokuja ikageuza kibao, kwa kuwa ilileta sleti ya Wales, nyembamba na nafuu, na kabla karne ya 19 haijaisha machimbo ya Swithland yalikuwa yamefungwa. Leo shimo kubwa lililobaki katikati ya msitu wa Swithland limejaa maji na kuzungushiwa uzio. Jiwe moja la zamani likivunjika, hakuna pa kwenda kuagiza jingine.

Bonde la Belvoir, mpakani mwa Leicestershire na Nottinghamshire, lina kundi la mawe linaloitwa malaika wa Belvoir. Yapo mia kadhaa, yametapakaa katika vijiji vya bonde hilo na jirani zake, na yalichongwa kati ya mwishoni mwa karne ya 17 na katikati ya karne ya 18. Malaika mwenyewe ni uso tu unaokutazama mbele kwa mbele: mviringo, macho makubwa, mabawa mawili yaliyofunguka kushoto na kulia, na chini ya kidevu kitu kama kola ya marinda. Hana mwili. Pembeni yake mara nyingine pana saa ya mchanga, au mifupa miwili iliyopishana. Waliozoea sanamu za marumaru za ndani ya makanisa makuu huwaona malaika hawa kuwa kazi ya watoto. Mimi nawaona tofauti. Mchongaji wa kijiji hakuwa amewahi kuona uchi wa mungu wa Kigiriki wala hakutaka kuuona. Alitaka uso utakaotambuliwa na jirani yake, na akaupata kwa mistari michache katika jiwe gumu lisilosamehe kosa.

Na makosa yapo, nami nayapenda kuliko chochote. Katika mawe ya namna hii utaona mchongaji amepiga mistari myembamba ya kumwongoza, kama mtoto anavyopiga mistari kwa rula, na mistari ile haikusuguliwa. Ipo mpaka leo, ukisogeza uso karibu jua likiwa pembeni. Juu ya mistari hiyo anaanza kwa majivuno: neno la kwanza kwa herufi kubwa zilizochomoza, yaani amekata jiwe lote linalozizunguka ili zenyewe zibaki juu, kazi ya siku nyingi. Mstari wa pili kwa herufi za Kirumi, wa tatu kwa herufi za mlazo, wa nne kwa herufi zile nzito za Biblia za kale. Anaringa. Kisha anafika ukingoni na nafasi imekwisha, jina la ukoo bado lina herufi mbili. Afanyeje? Anazipandisha juu, ndogo, kama mtu anayebana abiria wa mwisho mlangoni. Au amesahau herufi kabisa, akaichongea juu ya mstari na kialama cha kuonyesha inapoingia. Mteja akalipokea jiwe vivyo hivyo, likasimikwa, na miaka 300 baadaye unaiona sekunde ile ambayo mtu mwenye patasi mkononi alishtuka.

Hata tarehe zina habari. Kabla ya mwaka 1752 mwaka mpya wa kisheria Uingereza ulianza Machi 25, kwa hiyo aliyekufa Februari anaweza kuandikiwa miaka miwili, mmoja juu ya mwingine kama sehemu ya hesabu, kwa kuwa kijiji hakikuwa na uhakika dunia inahesabu vipi.

Katika nusu ya pili ya karne ya 18 wachongaji walianza kutia saini. Utakutana na Hind wa Swithland, familia iliyokuwa na machimbo na patasi kwa pamoja, na Sparrow wa Radcliffe-on-Trent, na Wood wa Bingham. Mikono yao ilikuwa ya ajabu. Wanazungusha mkia wa herufi moja ukajikunja mara saba bila kukatika, kama wanatumia wino na unyoya wa bata. Malaika wakapisha vyungu vya kale na matawi yanayoinama. Kwa ufundi wamewazidi waliowatangulia, sina ubishi. Lakini ukiniambia nichague jiwe moja la kuokoa moto ukiwaka, nitambeba malaika wa kola ya marinda.

Walioandikwa ni akina nani? Mabwana wakubwa walizikwa ndani ya kanisa, chini ya sakafu, wakawekewa sanamu. Yupo mmoja maarufu aliyekuwa tofauti, palepale Swithland: Sir Joseph Danvers, mwenye eneo, alijengewa kaburi lililokatiza ukuta wa makaburi, nusu ndani na nusu nje, na wenyeji husema ni ili mbwa wake alale upande usiobarikiwa huku bwana akilala upande uliobarikiwa. Huyo tumwache. Sleti za nje ni za watu wa kati: wakulima wenye mashamba yao, wasaga nafaka, wahunzi, wenye vilabu vya pombe, wake zao, na watoto wao wengi mno. Mhunzi aliandikiwa ubeti unaopatikana katika vijiji vingi vya Uingereza, unaosema kwamba nyundo yake imelala na mivukuto yake imeishiwa pumzi. Mwingine, ulioenea vilevile, unalalamika kwamba marehemu alibeba maumivu makali muda mrefu na matabibu hawakufaa kitu. Hakuna aliyeona haya kuwasema matabibu juu ya kaburi.

Maskini hawapo. Lazima lisemwe, kwa sababu uzuri wa mawe haya unaweza kutudanganya kwamba tumekiona kijiji kizima. Kibarua wa shamba alizikwa palepale, pengine kwenye udongo uliokwisha kupokea watu kumi kabla yake, akawekewa alama ya ubao uliooza, au hakuwekewa kitu. Jina lake lipo kwenye daftari la parokia, ambalo makanisa yaliamriwa kulitunza tangu mwaka 1538, na basi. Hivyo kila nafasi tupu kati ya sleti mbili ni kaburi pia. Hiyo ni sababu nyingine ya kutogusa mpangilio: nafasi tupu inasomeka tu kama mawe ya kandokando hayajasogezwa.

Nayo yamesogezwa sana. Hasa katika miaka ya 1960 na 1970, makanisa na halmashauri nyingi zilitaka nyasi zikatwe kwa mashine, na mashine haipiti kati ya mawe. Kwanza yakaondoka mawe ya miguuni. Msomaji ajue kwamba kaburi la kale la Kiingereza lilikuwa kama kitanda: jiwe kubwa kichwani upande wa magharibi, jiwe dogo miguuni upande wa mashariki lenye herufi za mwanzo za jina na mwaka tu. Mawe ya miguuni yalirundikwa kona au kutengenezewa njia ya kupita. Kisha yakafuata ya kichwani, yakang'olewa na kuegemezwa ukutani kwa safu, kama watu waliokamatwa. Mengine yakalazwa chali kuwa sakafu. Hapo ndipo neno wima linaporudi. Sleti iliyosimama hukaa karne tatu. Ukiilaza, maji yanatuama kwenye herufi, yanajipenyeza kati ya tabaka, yanaganda, na ule mpasuko uliompa fundi kazi rahisi unageuka kuwa njia ya kulimaliza jiwe. Nia ilikuwa njema, usafi na urahisi. Matokeo yake ni maandishi yasiyo na mtu chini yake na watu wasio na maandishi juu yao.

Hoja ya usalama naichukulia kwa uzito. Mwaka 2000, huko Harrogate, mtoto wa miaka sita alikufa baada ya kuangukiwa na jiwe la kaburi, na hakuna herufi yoyote nzuri duniani inayolingana na uhai huo. Baada ya hapo halmashauri zilianza kusukuma mawe kuyapima, na nyingi zikalaza mengi. Lakini tutazame jiwe lenyewe kabla ya kuamua. Mawe ya kisasa mara nyingi ni vipande vilivyounganishwa, ubao juu ya msingi, na kiungo kikilegea yanaanguka. Sleti ya karne ya 18 ni bamba moja, na sehemu yake kubwa imezikwa ardhini. Ikiinama, inainama polepole kwa miaka, na dawa yake ni kuchimba, kuinyoosha na kushindilia upya udongo. Mwaka 2009 Wizara ya Sheria ya Uingereza ilitoa mwongozo kwamba hatua ziendane na ukubwa wa hatari. Huo ndio msimamo wangu pia: nyoosha jiwe mahali pake, usiling'oe.

Ugumu wa kweli ni wa umiliki. Kwa sheria ya Uingereza jiwe la kaburi ni mali ya aliyelisimamisha, na akishakufa huwa la warithi wa yule anayekumbukwa nalo. Warithi wa mkulima wa mwaka 1720 wako wapi? Wengine Australia, wengine Kanada, wengine nyumba ya tatu kutoka kanisani bila kujua. Kanisa linatunza uwanja, na halisogezi jiwe bila kibali cha dayosisi. Makaburi yakishafungwa kwa maziko, sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1972 inaruhusu mzigo wa matunzo ukabidhiwe halmashauri.

Mwaka huo 1972 una maana nyingine Leicester. Ndio mwaka Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka, na halmashauri ya Leicester ikalipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije. Walikuja. Wakaungana na waliotoka Kenya kabla yao, wakaufufua mji, na mpaka leo ukikaa na wazee wa jamii hiyo utasikia Kiswahili kikichanganywa na Kigujarati bila shida. Kodi zao na za watoto wao zimo katika mfuko wa jiji, na makaburi ya kale yaliyo mikononi mwa halmashauri hutunzwa kwa mfuko huo. Kwa hiyo anaposema mtu kwamba mawe haya yawahusu wenye damu yao tu, anakosea hesabu. Mwenye damu hajulikani. Anayelipa nyasi zikatwe anajulikana, na pengine mama yake alizaliwa Jinja. Naye ana haki ya kuuliza nyasi hizo zinakatwaje: je, waya wa mashine ya kufyekea unapigapiga miguu ya sleti na kuimega? Je, kuna mtu amekuja na brashi ya chuma na dawa ya vyooni akidhani anasafisha? Haya hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji mkasi wa nyasi kwenye shina la jiwe, na mtu wa kusema hapana.

Baadhi ya mawe yameorodheshwa na kulindwa kama majengo ya urithi. Ni vizuri, ila orodha huchagua mazuri, na mimi siyatetei kwa uzuri peke yake.

Kuna aina moja ya jiwe ambayo haitaingia orodha yoyote. Juu kumechongwa jina la mume, umri wake, na mwaka. Chini yake uso wa sleti umesuguliwa vilevile kwa uangalifu, nusu nzima ya jiwe, na hakuna neno. Nafasi iliachwa kwa ajili ya mke, kama ilivyokuwa desturi. Labda aliolewa tena, akazikwa kijiji kingine na mume wa pili. Labda fedha zilikwisha, na yumo humo humo, kando ya mume wake, bila mtu wa kumlipa mchongaji. Jiwe likiwa limesimama kaburini pake, swali hilo lina jibu, na jibu liko hatua mbili mashariki, chini ya nyasi. Likiegemezwa ukutani, inabaki nusu ya sleti tupu.